LIKIZO YA JUNI: TWENDE ZIWANI, TURUDI WOTE



Shule zikifungwa mwezi wa Juni nyumba hujaa. Waliokuwa bweni wanarudi, watoto wa dada wanaletwa kutoka mjini, na jiko halipoi tangu asubuhi. Masika yamekwisha, barabara zimekauka, maharage yamekwisha kupigwa na kuanikwa. Hapo ndipo mtoto mmoja huuliza: "Mama, mwaka huu tunakwenda wapi?"

Kwa sisi wa Ngara na Biharamulo jibu la kawaida ni "kwa bibi", na ni jibu zuri. Lakini zipo familia, na vipo vikundi vya akina mama na shule za Jumapili, vinavyochanga fedha kidogo kidogo tangu Januari ili siku moja au mbili wawapeleke watoto ziwani. Mama mmoja wa Biharamulo aliniuliza baada ya ibada: "Dada muuguzi, unatushauri twende au tukae? Tunaogopa maji, tunaogopa na kichocho." Nilimjibu: nendeni, ila mwende mkijua. Mwezi huu nataka kulieleza jibu hilo kwa urefu.

HOFU TULIYO NAYO INA SABABU

Hakuna mtu mzima wa mkoa wa Kagera asiyejua habari ya MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 meli hiyo, iliyotoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama ikiwa imekaribia kufika, na watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka majini karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa. Basi mama akimkataza mwanawe kusogelea maji, hatuwezi kumcheka.

Lakini tuangalie matokeo yake. Mtoto aliyekatazwa maji maisha yake yote haachi kuyapenda, bali huyafuata kwa siri. Huenda mtoni na wenzake, au kwenye lambo la ng'ombe, au kwenye shimo lililochimbwa mchanga na kujaa mvua, mahali ambapo hakuna mtu mzima hata mmoja. Hofu haimfundishi mtoto kuogelea. Afadhali ayajue maji mbele ya macho ya mama yake.

Kwa watoto wa kike tumezidi. Kaka zao huruhusiwa kujaribu, wao huambiwa kuogelea si kazi ya msichana. Msichana huyo ndiye tunayemtuma kuteka maji, kufua mtoni na kuvuka kwa mtumbwi. Yeye ana haja ya kujua kuelea kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani.

TWENDE WAPI?

Wilaya ya Ngara haina ufukwe wa Ziwa Viktoria, lakini ina mito miwili mikubwa, Kagera na Ruvubu, inayokutana karibu na maporomoko ya Rusumo, mpakani na Rwanda. Wapelekeni watoto wakayaone maporomoko hayo na kuelezwa kwamba maji yale yale huenda mpaka Ziwa Viktoria. Hapo ni pa kutazama tu. Mto una nguvu, usiwaruhusu kushuka ukingoni.

Biharamulo zamani ilikuwa na ufukwe mrefu, maana Chato na Nyamirembe zilikuwa ndani yake. Chato ilifanywa wilaya mwaka 2005, na mwaka 2012 ikaingia katika mkoa mpya wa Geita. Ziwa halikuhama, na safari ya kutoka Biharamulo kwenda Chato ni ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo mkiamka alfajiri. Kabla ya kuondoka Biharamulo waonyesheni watoto boma la zamani la Wajerumani, ili safari iwe na somo la historia pia.

Wenye uwezo zaidi wanaweza kufika kisiwa cha Rubondo, ambacho ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Boti huondokea Kasenda, karibu na Muganza. Huko wako sokwe, ambao wazazi wao wa kwanza waliletwa kisiwani kati ya mwaka 1966 na 1969 kutoka kwenye mabustani ya wanyama ya Ulaya wakaachwa huru msituni. Wako pia nzohe, tembo, viboko na mamba. Rubondo ni pa kutembea na askari wa hifadhi na kutazama ndege, si pa kuogelea. Na kuanzia mwaka 2019 tunayo Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotokana na mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ziwa Burigi limo humo. Watanzania hutozwa kiingilio kidogo kuliko wageni, kwa hiyo ulizeni kwanza kabla ya kusema hatuwezi.

Wengi huchagua Bukoba, kwa njia ya Lusahunga, Biharamulo na Muleba. Ufukwe uko karibu na mji, upo mchanga wa kuchezea, ipo Makumbusho ya Kagera pale Nyamukazi, na mbele yenu mnaona kisiwa cha Musira. Kutoka Ngara ni safari ya siku, basi msipange kurudi jioni ile ile. Dereva aliyechoka ni hatari kuliko ziwa.

MAJI HUUA KIMYA

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Tarehe 25 Julai kila mwaka imewekwa kuwa siku ya dunia ya kuzuia vifo vya kuzama.

Watu wengi hudhani anayezama hupiga kelele na kupunga mikono. Sivyo. Mwenye kutafuta pumzi hana pumzi ya kuitia. Kichwa huenda nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono hukandamiza maji pembeni, na kwa muda mfupi sana amekwisha kwenda chini. Wenzake wanaweza kuwa wanacheza hatua mbili kutoka pale alipo wasijue. Kwa hiyo usingoje kelele. Mtoto akinyamaza ghafula majini, mtazame.

Nashauri mfanye kama tufanyavyo wodini: wekeni zamu. Mama mmoja au baba mmoja anakuwa wa zamu kwa dakika 20. Huyo hapiki, hanyonyeshi, hashiki simu, hapigi soga. Avae kitu cha kumtambulisha, kwa mfano kofia nyekundu. Zamu ikiisha anamkabidhi mwenzake kofia na hesabu: "Nakukabidhi watoto 11, 8 majini na 3 mchangani." Muuguzi haondoki kazini bila kukabidhi wagonjwa kwa idadi, na mama wa zamu asiondoke bila kukabidhi watoto kwa idadi. Kundi likiwa kubwa, wawe wawili. Mtoto mkubwa asiachiwe wadogo. Yeye naye ni mtoto.

Mambo mengine ya kushika ni haya:

1. Mtu mzima aingie kwanza kupima kina na kukagua chini. Mahali panapochotwa mchanga huwa na mashimo ya ghafula.

2. Asiyejua kuogelea asivuke magoti. Mtoto wa chini ya miaka 5 awe mahali ambapo mkono wako unamfikia bila kupiga hatua.

3. Mavazi ya kuogelea yawe ya adabu lakini yasiwe mzigo. Kanga, kitenge na sketi ndefu zikilowa hujifunga miguuni na kumvuta mtu chini. Suruali fupi ya kubana inayofika magotini na fulana ya kubana vinatosha kwa mama na binti, na heshima inabaki.

4. Asipande mtu mtumbwi au boti bila jaketi la kuokolea lililofungwa vifungo vyote. Kama majaketi ni machache kuliko watu, watu wapungue. Usione haya kushuka.

5. Ngurumo ya kwanza ikisikika, wote watoke majini. Mchana upepo wa ziwani huongeza mawimbi, hivyo asubuhi ndiyo saa nzuri ya watoto kucheza.

6. Waulizeni wavuvi kuhusu mamba na viboko. Wao wanajua. Msikae kwenye matete na mafunjo, na giza likianza kuingia ondokeni ukingoni, maana hapo ndipo kiboko hutoka kwenda malishoni.

AKIZAMA MTU

Usijitupe majini kwa uchungu kama hujui kuogelea. Mara nyingi huzikwa wawili. Mtupie kitu kinachoelea: dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri na kufungiwa kamba ni chombo kizuri cha kuokolea, na gharama yake ni ndogo. Au mnyoshee fimbo ndefu, kasia, hata vitenge viwili vilivyofungwa pamoja, wewe ukiwa umelala chini ukingoni.

Waiteni wavuvi. Siku ile ya ajali ya ndege Bukoba, wavuvi wenye mitumbwi ndio waliotangulia kufika, na kijana Majaliwa Jackson alisifiwa nchi nzima kwa kusaidia kufungua mlango kwa kasia ili abiria watoke. Baadaye alichukuliwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Namba ya jeshi hilo ni 114. Kila mtu mzima safarini aijue.

Akitolewa majini hapumui, usimning'inize miguu juu, usimkamue tumbo, usimzungushe. Muda unapotea, na matapishi yanaweza kuingia katika mapafu. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, ziba pua, mpulizie pumzi 5 kinywani ukiona kifua kinapanda. Kama bado hana uhai, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, kisha pumzi 2, na uendelee hivyo bila kuchoka mpaka msaada ufike. Akizinduka, mlaze ubavu, mfunike, na apelekwe hospitali hata kama anasema yu mzima. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

KICHOCHO: ADUI ASIYEONEKANA

Ziwa Viktoria lina kichocho, nasi hatuna budi kulisema wazi. Ugonjwa huanza kwa mtu kujisaidia majini au karibu na maji. Mayai ya minyoo huanguliwa, wadudu wadogo huingia katika konokono, huongezeka humo, kisha hutoka kwa maelfu na kutoboa ngozi ya mtu aliye majini. Huna habari, wala hakuna kidonda. Dakika chache tu zinatosha.

Konokono hao hupenda maji yaliyotulia, yenye magugu maji, matete na tope. Wadudu hutoka zaidi jua likiwa kali, hasa mchana wa saa sita. Kwa hiyo mahali penye mchanga mtupu na mawimbi, mbali na magugu, mbali na mwalo wenye watu wengi wasio na vyoo, hatari hupungua. Nasema hupungua, sisemi huisha. Hapa ziwani hakuna ukingo ninaoweza kukuapia kuwa ni salama kabisa. Kujifuta upesi kwa taulo baada ya kutoka kunaweza kusaidia kidogo, lakini si kinga ya kutegemewa. Maji ya kumwogesha mtoto mchanga yachemshwe kisha yapoe, au yatoke bombani. Maji ya ziwa yaliyokaa ndani ya pipa lililofunikwa siku mbili kamili hayana tena wadudu wa kichocho wenye nguvu, ila ya kunywa lazima yachemshwe, maana kipindupindu na homa ya matumbo ni habari nyingine.

Baada ya safari, mtoto anaweza kuwashwa ngozi siku ya kwanza. Wiki kadhaa baadaye anaweza kupata homa, kikohozi na uchovu, tukadhani ni malaria peke yake. Akiachwa miaka, kichocho cha tumbo huleta maumivu, damu katika choo, na hatimaye ini na bandama kuvimba. Dawa ipo: prazikwanteli, hutolewa kwa uzito au urefu wa mtu, na humezwa baada ya kula. Lakini dawa hii haiui minyoo michanga. Basi usikimbilie kupima kesho yake. Ngoja wiki 6 hadi 8, kisha wapeleke wote walioingia majini, wakubwa kwa wadogo. Dalili zikianza mapema, nenda mapema, na umweleze mhudumu kwamba mlikuwa ziwani. Mama mjamzito aliyevuka miezi mitatu ya kwanza na anayenyonyesha wanaweza kutibiwa. Asijifiche, aseme hali yake ili ashauriwe.

Na tuwe waungwana. Mtoto wa kwetu asijisaidie majini. Akifanya hivyo, anawaachia ugonjwa watoto wa mvuvi wanaobaki pale tukiondoka. Ulizia choo kilipo kabla hamjatandika mkeka.

NENO LA FARAGHA KWA MAMA

Kando ya Ziwa Viktoria kichocho cha tumbo ndicho kinachosumbua zaidi. Lakini katika malambo, vijito na mashamba ya mpunga ya bara kuna kile cha mkojo, ambacho wengi tulikichukua utotoni. Hicho kinaweza kuingia katika njia ya uzazi ya mwanamke. Dalili zake ni kutokwa uchafu, maumivu ya kinena, damu wakati wa tendo la ndoa au baada yake, na pengine kuchelewa kupata mimba. Inakadiriwa kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wa Afrika wanao ugonjwa huu.

Tazama jinsi dalili hizi zinavyofanana na za magonjwa ya zinaa. Mke anatibiwa kwa vidonge vya zinaa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, haponi. Nyumbani maneno yanaanza: "Umeyatoa wapi haya?" Mama mkwe anasikia, majirani wanasikia, na ndoa ya miaka kumi inatikisika kwa sababu ya mdudu aliyeingia katika ngozi ya mtoto wa miaka minane aliyetumwa maji. Nimekaa na akina mama waliolia kwa jambo hili, nao hawakuwa na hatia yoyote.

Ukiwa na dalili hizo, nenda kituo cha afya pamoja na baba watoto, na useme waziwazi: "Nimekulia mahali pa kuoga na kuteka maji ya lambo. Naomba nichunguzwe na kichocho pia." Mkojo wa kupimwa hutolewa vizuri kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa ndipo mayai huonekana zaidi. Usikatae vipimo vingine, pamoja na cha saratani ya mlango wa kizazi, maana mambo mawili yanaweza kuwapo pamoja. Na wasichana wetu watibiwe mapema. Dawa huua minyoo, lakini makovu ya miaka mingi si rahisi kuondoka.

RAHA YA UFUKWENI SI KUOGELEA TU

Anayeogopa kichocho asidhani safari haina maana. Watoto wanaweza kushinda siku nzima nchi kavu wakafurahi: kujenga nyumba za mchanga, kuvuta kamba, kucheza rede, kurusha mawe bapa yaruke juu ya maji, kuhesabu ndege. Wafundishe kumtambua mnandi akikausha mabawa, mdiria akichupa majini, na furukombe mwenye kichwa cheupe. Wapelekeni mwaloni asubuhi waone dagaa wakianikwa, wamuulize mvuvi kwa nini huvua usiku kwa taa, na kwa nini hupumzika mwezi ukiwa mkubwa.

Nunueni samaki palepale. Sato au sangara mzuri ana macho maangavu, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Mwokeni mpaka aive katikati, na ndizi mlizobeba kutoka nyumbani. Msinunue samaki wachanga. Kununua wadogo ni kumaliza ziwa la wajukuu.

Katika mfuko wa safari usisahau: maji yaliyochemshwa, vyandarua, kofia na nguo za mikono mirefu kwa jua, chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini kwa anayehara, bandeji, dawa za wenye maradhi ya kudumu, na lile dumu lenye kamba.

MWISHO, NAWE MAMA UPUMZIKE

Nimeona safari ambazo mama alihamisha jiko tu. Nyumbani alipika, ziwani akapika, akarudi na nguo za mchanga za kufua. Hiyo si likizo. Kabla ya kuondoka kaeni na baba watoto mgawane kazi: yeye awe na zamu zake za kulinda watoto, vijana wakubwa waoshe vyombo, chakula kiwe chepesi. Halafu iwepo saa moja ambayo wewe umekaa kivulini, miguu umeinyosha, huna la kufanya. Wanao wakuone umekaa. Wataikumbuka sura hiyo ya mama yao kuliko mawimbi.

Jioni, kabla gari halijawashwa, wahesabuni watoto. Mhesabu tena mkiwa ndani ya gari.

Nawatakia likizo njema.